Mlango wa Baridi: Habari za Vali ya Kipepeo

  

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: BARIDI, AMONIA, VALI, KIPEPEO. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Yasomeni tena. Vema.

Tumezoea kudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Lakini vyombo vya kazi navyo vina historia yao. Leo tutasoma habari za kisahani cha chuma kinachogeuka ndani ya bomba. Kisahani hiki ni mlango. Kikikaa sawa, nyama na samaki hukaa miezi mingi bila kuoza. Mlango wa namna hii ukifunguliwa vibaya, watu wanaweza kupoteza maisha. Basi sikilizeni vizuri, na mnaosoma fuateni mstari kwa mstari.

1. Barafu iliyosafiri baharini

Hapo kale mtu aliyetaka baridi ilimbidi aingoje msimu wake. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, maji ya maziwa huganda. Watu walikata barafu kwa misumeno, wakaihifadhi ghalani chini ya unga wa mbao mpaka wakati wa joto.

Mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, aliifanya barafu kuwa mali ya kuuza mbali. Mwaka 1806 alipeleka shehena yake ya kwanza katika kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Lakini mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilitoka Boston na tani 180 hivi za barafu, ikaenda mpaka Calcutta, India. Ilipofika, tani 100 hivi zilikuwa bado hazijayeyuka.

Tazameni hesabu hiyo. Karibu nusu ya mali iligeuka maji njiani. Tena biashara yote ilitegemea hali ya hewa. Mwaka ambao maziwa hayakuganda vizuri, bidhaa ilipungua. Ndipo watu wakauliza: je, baridi haiwezi kutengenezwa kwa mashine?

2. Jinsi mashine inavyotengeneza baridi

Kabla hatujaendelea, kumbukeni siku mliyodungwa sindano hospitali. Mganga alikupaka spiriti mkononi kwanza. Ulisikia nini? Ulisikia baridi, ingawa spiriti yenyewe haikutoka katika barafu. Sababu ni hii: spiriti inapokauka hugeuka mvuke, na ili igeuke mvuke lazima ichukue joto mahali. Ililichukua katika ngozi yako.

Hiyo ndiyo siri yote ya mashine ya baridi. Mwaka 1834 Mmarekani mmoja aliyekaa London, jina lake Jacob Perkins, aliandikisha mashine iliyotumia siri hiyo. Badala ya kuuacha mvuke upotee hewani, aliufungia ndani ya mabomba ili utumike tena na tena.

Mashine za namna hii zina sehemu nne, na mpaka leo sehemu hizo ndizo zile zile. Kwanza, kuna mabomba ya chumba cha baridi. Humo kimiminika hugeuka mvuke na kuchukua joto. Pili, kuna kompresa, nayo huuvuta mvuke huo na kuugandamiza. Tatu, kuna mabomba ya nje, ambayo hutoa joto na kuurudisha mvuke kuwa kimiminika. Nne, kuna mlango mwembamba unaopitisha kimiminika kidogo kidogo kurudi chumbani. Mlango wa bomba huitwa vali. Basi mnaona, tangu mwanzo vali ilikuwa mmoja wa wale wanne. Pasipo vali hakuna mashine ya baridi.

Katika miaka ya 1850, huko Geelong, Australia, mwenye gazeti mmoja jina lake James Harrison alitengeneza mashine za barafu zilizofanya kazi kweli. Husimuliwa kwamba aliipata fikra hiyo alipokuwa akisafisha herufi za chuma za kupigia chapa kwa dawa iitwayo etha, akaona zinapoa. Mwaka 1873 Harrison alijaribu kupeleka nyama ya baridi London kwa meli iitwayo Norfolk. Safari hiyo aliihifadhi nyama kwa barafu na chumvi. Baridi haikudumu, nyama ikaharibika njiani, na mali yake nyingi ikapotea.

3. Amonia inaingia kazini

Etha ilikuwa na ubaya wake, maana hushika moto upesi. Katika miaka ya 1870 mhandisi Mjerumani Carl von Linde alikuwa akitafuta njia ya kupoza viwanda vya bia huko Munich. Mwaka 1876 alitengeneza mashine yenye kutumia amonia.

Amonia ni nini? Ni hewa yenye harufu kali, inayochoma macho na pua. Katika hewa ya kawaida, amonia iliyo kimiminika huchemka kwenye digrii 33 chini ya sifuri. Maji huchemka jikoni kwenye digrii 100 za joto, lakini amonia huchemka mahali ambapo maji ni jiwe la barafu. Kwa hiyo huchukua joto kwa nguvu sana. Ndiyo maana viwanda vikubwa viliipenda, na vinaipenda hata leo.

Lakini amonia ni sumu. Mtu akiivuta kwa wingi, huumiza mapafu na huweza kumwua. Tena amonia hula shaba. Koki nzuri za shaba ambazo mafundi walizizoea katika mabomba ya maji hazikufaa. Ilibidi mabomba na vali zote ziwe za chuma, na zifunge barabara kabisa. Koki ya maji ikivuja, utaweka ndoo chini yake. Vali ya amonia ikivuja, watu wote hukimbia.

4. Nahodha aliyeingia ndani ya njia ya hewa

Sasa twende baharini tena, tuone kwamba kutengeneza baridi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiongoza ifike inapotakiwa.

Tarehe 15 Februari 1882, meli ya matanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, kwenda London. Ilikuwa imebeba karibu wanyama 5,000 waliochinjwa na kugandishwa, wengi wao kondoo. Mashine yake haikutumia amonia. Iligandamiza hewa, ikaiachia itanuke na kupoa, kisha ikaipeleka penye nyama kwa njia kubwa ya hewa.

Walipofika katika bahari ya joto, wakaona hatari. Mashine ilikuwa ikifanya kazi, makaa yalikuwa yakiwaka, lakini baridi haikuenea sawasawa penye nyama. Nahodha Whitson akatambaa mwenyewe ndani ya njia ile ya hewa, akakata matundu mengine ili hewa ipite. Baridi ikamlemea humo humo, akazimia. Msaidizi wake akaingia nyuma yake, akamfunga kamba miguuni, wakamvuta nje akiwa karibu kufa.

Meli ilifika London baada ya siku 98. Katika shehena yote, mnyama mmoja tu ndiye aliyekataliwa. Tangu hapo nyama ya New Zealand ikapata soko Ulaya, na nchi nzima ikabadilika. Lakini msisahau: shehena ile haikuokolewa na mashine peke yake. Iliokolewa na mtu aliyeijua njia ya baridi na kujua wapi imeziba.

5. Kwa nini kinaitwa kipepeo

Mwalimu, tafadhali chora ubaoni duara, kisha piga mstari katikati kutoka juu mpaka chini. Wanafunzi, duara hilo ni mdomo wa bomba. Mstari ni kijiti cha chuma. Sasa fikirini kisahani cha mviringo kilichofungwa juu ya kijiti hicho, kinajaza bomba lote. Ukikigeuza kijiti robo ya mzunguko, kisahani husimama kwa ubavu, na njia huwa wazi. Ukikirudisha, njia hufungwa. Nusu mbili za kisahani, huku na huku ya kijiti, ni kama mabawa mawili ya kipepeo. Jina lilitoka hapo.

Kisahani hiki si kitu kipya. James Watt, mhandisi Mskoti wa karne ya 18, alikitumia katika bomba la mvuke. Mwaka 1788 alikiunganisha na mipira miwili ya chuma iliyozunguka pamoja na injini. Injini ikienda mbio kupita kiasi, mipira hupanuka na kisahani hujifunga kidogo. Ikipunguza mwendo, kisahani hufunguka. Wale kati yenu waliowahi kufungua kabureta ya gari wamekiona kisahani cha namna hiyo hiyo.

Basi kwa nini watu wa mashine za baridi hawakukitumia tangu zamani kwa kufungia amonia? Sababu ni kwamba kipepeo cha Watt kilipunguza mvuke tu, hakikufunga kabisa. Chuma kikikutana na chuma, huacha upenyo. Kwa mvuke wa maji upenyo mdogo si kitu. Kwa amonia, upenyo mdogo ni hatari.

Kwa hiyo viwanda vilitumia vali za namna nyingine. Ndani yake kuna kizibo kinachoshushwa kwa kuzungusha gurudumu mara nyingi. Hizo hufunga vizuri, lakini ni nzito, na njia yake ina kona. Sasa sikilizeni. Mvuke unaotoka chumba cha baridi kwenda kwenye kompresa ni mwepesi na hauna nguvu, kwa hiyo unahitaji bomba pana. Kila kona huupunguzia nguvu iliyobaki. Kompresa hulazimika kuvuta zaidi, na mwenye kiwanda hulipia gharama ya nguvu hiyo usiku na mchana. Mlango mwembamba, mwepesi, ulionyooka ungefaa sana. Kipepeo kilifaa kwa umbo lake. Kilichokosekana ni ukingo laini wa kukizunguka, usiovuja.

Mpira wa kawaida ulijaribiwa katika kazi nyingi. Lakini mpira ukipata baridi kali huwa mgumu, na mafuta huuharibu. Mwaka 1930 wanakemia wa kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza mpira wa kiwandani ulioitwa neoprene. Huu ulivumilia mafuta na amonia vizuri zaidi. Hata hivyo, penye baridi kali kabisa palitakiwa kitu kingine.

6. Mtungi uliokataa kutoa hewa

Kitu hicho kilipatikana kwa namna ya ajabu. Kilipatikana na mtu aliyekuwa akitafuta njia mpya ya kutengeneza baridi.

Tarehe 6 Aprili 1938, huko New Jersey, mwanakemia kijana wa kampuni hiyo hiyo, jina lake Roy Plunkett, alitaka kutengeneza hewa mpya ya kutumia katika mafriji. Alifungua mtungi wenye hewa aliyokuwa ameiweka akiba. Hakikutoka kitu. Mtu mwingine angesema mtungi ni mtupu, akautupa. Plunkett na msaidizi wake waliupima, wakaona bado ni mzito kama ulivyojazwa. Basi waliukata kwa msumeno. Ndani wakakuta unga mweupe, unaoteleza kama nta.

Hewa ile ilikuwa imejigeuza yenyewe. Unga ule haukuharibiwa na dawa karibu zote walizoujaribia. Baadaye dunia iliujua kwa jina la Teflon. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulitumika kuzibia viungo vya mabomba katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki, maana pale palipita hewa inayokula karibu kila kitu. Baada ya vita ukaingia katika viwanda vya kawaida, na hata katika vikaango vya jikoni.

Ajabu yake ni hii: Plunkett alikuwa akitafuta hewa ya kuzungushwa ndani ya mashine ya baridi. Alichokipata ni ukingo wa mlango wa mashine hiyo. Teflon haigandi ikawa kama kioo penye baridi kali, amonia haiili, na chuma huteleza juu yake bila kukwaruza.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mafundi wakaongeza akili nyingine. Walikisogeza kijiti kidogo nyuma ya kisahani, na kidogo upande mmoja. Faida yake ni nini? Kijiti kikiwa katikati kabisa, kisahani huusugua ukingo kila kinapogeuka. Kikisogezwa pembeni, kisahani huachana na ukingo mara tu kinapoanza kufunguka, na hurudi kuubana mwishoni tu. Ukingo huishi muda mrefu.

Hivyo kipepeo kikapata kazi katika viwanda vya baridi: katika mabomba mapana ya mvuke, na katika mabomba ya maji yanayopoza mashine. Mpini ukikaa sambamba na bomba, njia iko wazi. Ukikaa kukingama bomba, imefungwa. Hata asiyejua kusoma huweza kuona.

7. Mlango mwepesi wataka mkono wenye subira

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mlango unaofunguka kwa robo ya mzunguko hufunguka upesi. Upesi huo ni faida, tena ni hatari.

Tarehe 23 Agosti 2010, katika ghala moja la baridi mji wa Theodore, jimbo la Alabama, Marekani, umeme ulikuwa umekatika kwa saa kadhaa. Uliporudi, mitambo iliwashwa tena. Mabomba ya chumba kimoja yalikuwa katikati ya kuyeyushwa barafu iliyojishika nje yake, na kwa hiyo ndani yake mlikuwa na amonia ya moto yenye nguvu. Utaratibu ni kuitoa amonia hiyo pole pole kwanza, ndipo njia kubwa ya baridi ifunguliwe. Siku ile mtambo wa kuongozea ulipofutiwa maonyo yake, ulianza upya na kuruka hatua hiyo. Vali ikafunguka moja kwa moja.

Amonia ya moto ikakimbilia katika bomba la baridi. Mmewahi kusikia bomba la maji likigonga ukutani koki inapofungwa ghafula? Hiyo ndiyo nyundo ya maji. Hapa ilipiga nyundo ya amonia. Bomba la juu ya paa likapasuka, na zaidi ya tani 14 za amonia zikatoka. Jirani walikuwapo mamia ya vibarua wa kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini mwaka huo. Watu zaidi ya 150 waliumwa, na 32 wakalazwa hospitali. Wachunguzi wa serikali walieleza baadaye kwamba katika hali kama hiyo yafaa kuzima mitambo mara moja, si kuendelea kuitafuta sehemu inayovuja huku mashine inasukuma.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya kufunga. Ukifunga vali mbili, na katikati yake ukaacha bomba limejaa amonia kimiminika, kimiminika kile kikipata joto hutanuka. Hakina pa kwenda. Chuma hupasuka. Kwa hiyo fundi mwema, kabla ya kushika mpini, hujiuliza maswali matatu: Nyuma ya mlango huu kuna nini? Mbele yake kuna nini? Na nikiufunga, kilichobaki ndani kitatokea wapi?

8. Kutoka Munich mpaka Kigali

Labda mtauliza: ikiwa amonia ni hatari, kwa nini isiachwe? Watu walijaribu. Kuanzia miaka ya 1930 zilitumika hewa nyingine zisizo na sumu wala moto, hasa katika friji za nyumbani. Lakini mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba hewa hizo zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yakapatana huko Montreal kuzipunguza. Hewa zilizochukua mahali pake hazikuharibu ozoni, lakini zilionekana kuongeza joto la dunia. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo. Mapatano hayo yanaitwa kwa jina la mji huo wa Afrika Mashariki.

Amonia haina mojawapo ya makosa hayo mawili. Ndiyo maana viwanda vikubwa vya nyama, samaki na maziwa duniani bado vinaitumia, zaidi ya miaka 140 baada ya Linde. Sumu yake imebaki ile ile. Kilichobadilika ni milango yake, na ujuzi wa watu wanaoilinda.

Basi tumalizie. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mashine ya baridi ni kubwa, na vali ni ndogo. Lakini mkubwa humtegemea mdogo, na wote wawili humtegemea mtu anayejua kusoma kibao kilichobandikwa kwenye bomba, anayefuata hatua moja baada ya nyingine. Mkijua kusoma, nanyi mnaweza kuwa watu hao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini spiriti hukufanya usikie baridi mkononi?
2. Taja sehemu nne za mashine ya baridi.
3. Kwa nini vali za shaba hazifai kwa amonia?
4. Plunkett alijuaje kwamba mtungi wake haukuwa mtupu?
5. Eleza kwa maneno yako hatua gani iliyorukwa huko Theodore mwaka 2010.
6. Katika kazi yako mwenyewe, shambani, jikoni au kiwandani, ni kitu gani kidogo ambacho kikikosewa huharibu kazi yote? Andika sentensi tano.

Mwalimu, tafadhali wape wanafunzi muda wa kutosha kwa swali la sita, kisha kila mmoja asome alichoandika. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.